Wakili Aliyejitoa: Massey na Barua ya Ndani ya Daftari

Semesta iliyopita mwalimu wetu wa Jinai alitupa kazi ya kutafuta kesi ya zamani iliyoanguka kwa sababu ya kasoro kwenye hati ya mashtaka. Wenzangu wakakimbilia kesi za wizi wa ng'ombe, maana ndizo nyingi. Mimi nilichelewa kufika maktaba, kama kawaida yangu, nikabaki na kesi ambayo hakuna aliyeitaka: London, mwaka 1876, Mmarekani anayeitwa Henry Slade kashtakiwa kwa kudai kwamba mizimu inaandika kwenye kibao chake. Nilicheka peke yangu hadi mhudumu wa maktaba akanitazama. Niliandika kazi, nikapata alama za kawaida, yakaisha. Ila kuna jina moja lilikataa kunitoka kichwani, la wakili aliyesimama upande wa Slade: Charles Carleton Massey.

Makala hii ni ya huyo Massey. Nitoe tahadhari mapema. Sikuja kukushawishi kwamba wafu wanaandika barua, na ukiwa unasoma ukisubiri nifike hapo, utasubiri sana. Ninachosema ni kwamba mtu huyu, ambaye leo anakumbukwa na wachache sana, alifanya jambo moja gumu ambalo wengi wetu hapa chuoni limetushinda, na mimi nikiwa wa mwanzo. Na kabla hajalifanya, alikosea kwa namna ambayo mwanasheria hukosea kwa sababu tu ni mwanasheria. Ndugu zangu wa Sheria, hapo ndipo mnaponihusu.

Alizaliwa mwaka 1838 katika jumba la Hackwood Park, Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake, William Nathaniel Massey, alikuwa mwanasheria, mbunge, mwandishi wa vitabu vya historia, na baadaye akapelekwa India kusimamia fedha za serikali ya kikoloni. Mtoto wa kishua, kwa lugha yetu. Akasoma Westminster School, akaingia uwakili. Kule Uingereza mawakili wamegawanyika mafungu mawili: kuna anayemsikiliza mteja na kuandaa jalada, na kuna anayevaa joho na kusimama mbele ya hakimu. Massey alikuwa wa fungu hili la pili, la wasemaji. Njia ilikuwa imeshafyekwa na baba. Kilichobaki kilikuwa kutembea tu.

Hakutembea. Kidogo kidogo aliiacha kazi ya mahakamani na kuingia mzima mzima katika falsafa na mambo ya roho.

Sasa usimfikirie kama mtu aliyepotelea uchochoroni. London ya miaka ile, mizimu ilikuwa mambo ya sebuleni, tena sebule za wakubwa. Upepo ulianzia Marekani mwaka 1848, kwa mabinti wawili wa familia ya Fox waliodai kugongewa na mzimu katika nyumba yao kule Hydesville, jimbo la New York, ukavuka bahari. Watu walikaa kuizunguka meza, taa zikapunguzwa, wakashikana mikono, na katikati yao akawepo mtu mmoja ambaye mizimu husema kupitia kwake. Sisi wa Pwani neno la mtu wa aina hiyo tunalo siku nyingi. Tunamwita kiti, kwa sababu pepo humkalia. Nitalitumia hilohilo.

Mwaka 1875 Massey alipanda meli kwenda Marekani. Kule kulikuwa na kanali mstaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Henry Steel Olcott, naye pia mwanasheria, aliyekuwa ameandika magazetini na kisha kitabu kuhusu ndugu wawili wa familia ya Eddy waliokaa Chittenden, Vermont. Nyumbani kwao, Olcott alisema, mizimu ilitokea jukwaani ikiwa na mavazi na sura kamili. Massey alitaka kujionea. Hili mimi nalipenda: wakili hasomi maelezo ya shahidi mmoja akafunga jalada, anakwenda eneo la tukio. Alikwenda, akatazama, akaridhika kwamba Olcott hakutia chumvi.

Hapo ndipo ninapotaka ushike kalamu. Kwenda eneo la tukio ni jambo jema. Lakini alikwenda kuhakiki kama Olcott anasema kweli kuhusu alichokiona. Kama alichokiona Olcott kilikuwa ni kile alichodhani anakiona, hilo ni swali jingine kabisa. Shahidi anaweza kuwa mkweli wa mkweli na bado akawa amechezewa kiini macho. Massey alikuwa hodari wa swali la kwanza. La pili lilimchukua karibu miaka kumi.

Safari hiyo ilimkutanisha na Helena Petrovna Blavatsky, mwanamke aliyezaliwa katika dola ya Urusi, mvutaji mkubwa wa sigara na msemaji asiyechosha. Mwaka huohuo wa 1875, Blavatsky, Olcott na wenzao walianzisha Jumuiya ya Theosofia pale New York, na Massey akawa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo. Theosofia, kwa ufupi, ilidai kwamba dini zote zina shina moja la hekima lililofichika, kwamba maumbile yana nguvu ambazo sayansi haijazigusa, na kwamba binadamu wote ni ndugu. Hilo la mwisho, kusemwa na Wazungu wa enzi ya ukoloni, halikuwa dogo. Tarehe 27 Juni 1878 likafunguliwa tawi la Uingereza, na rais wake wa kwanza akawa Massey.

Lakini nimeruka kesi, na kesi ndiyo iliyonileta huku.

Slade alifika London mwaka 1876. Kazi yake ilikuwa hivi: unalipa, unakaa naye mezani mchana kweupe, anachukua kibao cha kuandikia, kile cha jiwe jeusi ambacho babu zetu walikiita sleti, anaweka kipande cha kalamu juu yake na kukishikilia chini ya meza. Unasikia mkwaruzo. Anakitoa, kina maandishi. Aliyeandika, eti, ni marehemu mke wake, Allie.

Mwezi Septemba akaja kwake kijana wa miaka 29, Ray Lankester, mwanazoolojia wa University College London, pamoja na rafiki yake daktari, Horatio Donkin. Walilipa pauni moja kila mmoja. Katikati ya shughuli, kabla mizimu haijapewa nafasi ya kuandika, Lankester alikinyakua kibao. Kumbe maandishi yalikuwepo tayari. Akaandika barua gazeti la The Times, kisha akamfungulia Slade mashtaka pale mahakama ya Bow Street.

Kesi ile ilikuwa sinema. Alfred Russel Wallace, mwanasayansi yule aliyefikia nadharia ya uteuzi asilia sambamba na Charles Darwin, alipanda kizimbani kumtetea Slade. Darwin mwenyewe, kimyakimya, alichangia pauni 10 kwa upande wa mashtaka. Ebu fikiria: wavumbuzi wawili wa nadharia moja, kila mmoja na upande wake, juu ya kibao. Upande wa mashtaka ukamleta mwanamazingaombwe Maskelyne aoneshe namna maandishi yanavyoweza kufanywa. Utetezi ukasema Lankester alikuwa na haraka tu. Mizimu ilikuwa imeshaandika, Slade alishasema kwamba inaandika, na kijana hakumsikia.

Umeona ujanja wa hoja hiyo? Haiwezi kuvunjwa. Maandishi yakionekana baadaye, mzimu umeandika. Yakionekana mapema, mzimu umewahi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyewahi kushiriki mashindano ya mahakama ya mazoezi anaweza kuijenga, akapigiwa makofi, akapewa na cheti.

Hakimu, Bwana Flowers, alisema jambo ambalo naona linafaa kuandikwa ukutani pale kitivoni kwetu. Kwa maneno yangu: yeye hakuitwa kuamua kama mizimu ipo, na wajibu wake ni kupima ushahidi kwa mwendo wa maumbile kama unavyojulikana na watu wote. Akamtia Slade hatiani chini ya Sheria ya Uzururaji ya 1824, miezi mitatu na kazi ngumu.

Slade akakata rufaa, na Januari 1877 akashinda. Kwa nini? Sheria ilizungumzia kuhadaa watu kwa hila, "kwa kusoma viganja au vinginevyo", na hayo maneno ya viganja yaliachwa kwenye hati. Basi. Slade hakuonekana hana hatia, ila karatasi ilikuwa na kasoro. Lankester alipotafuta kumshtaki upya, mtu alikuwa ameshavuka kwenda bara la Ulaya.

(Wenzangu wa mwaka wa tatu watakumbuka kwamba hata Sheria yetu ya Uchawi, iliyoachwa na Waingereza mwaka 1928, haiulizi kama uchawi upo. Inamshika mtu kwa kujidai kuwa na nguvu za siri. Ni akili ileile ya Bwana Flowers, na inafaa kusomwa pamoja na kesi hii.)

Kushinda kwa kasoro ya hati si dhambi. Ndiyo kazi ya wakili, na mteja anastahili kutetewa. Ninachomlaumu Massey ni kilichofuata. Slade alifika Leipzig, akajaribiwa na profesa wa astrofizikia, Johann Zöllner, aliyeamini kuna kipimo cha nne cha nafasi zaidi ya urefu, upana na kina, na kwamba mizimu hupita humo. Zöllner akatangaza kwamba Slade ni wa kweli. Na mwaka 1880 nani alitafsiri taarifa ya Zöllner kwa Kiingereza? Massey. Jalada lilishafungwa, mteja alishaondoka, ada ilishalipwa au haikulipwa, lakini wakili hakushuka kizimbani. Aliendelea kutetea.

Hilo ndilo kosa ninalosema ni letu. Tunafundishwa miaka minne kutafuta tundu kwenye ushahidi wa upande wa pili, hakuna somo la kutafuta tundu kwenye wa kwetu. Mtu aliyefuzu vizuri anaweza kukaa ndani ya uongo maisha yake yote na asishindwe hoja hata siku moja. Pale kimbwetani huwa tunaulizana, inakuwaje wasomi wanatapeliwa? Mimi naona swali limekaa vibaya. Mtu asiyesoma akitapeliwa hujua mapema, kwa sababu hana maneno ya kumtetea tapeli.

Ufunguo wa Massey ulikuja kwa njia ya barua.

Theosofia ilikua, makao yakahamia India, na Blavatsky akawa anasema kwamba nyuma yake wako walimu wakuu wa Mashariki, wenye uwezo wa kutuma barua pasipo posta. Barua zikaanguka kutoka darini, zikakutwa chini ya mito ya kulalia. Massey naye alitamani uthibitisho wake mwenyewe, akaupata mwaka 1879: barua iliyomhusu ilikutwa ndani ya daftari la kumbukumbu za mikutano ya tawi, nyumbani kwa mwanamke wa London aliyekuwa kiti. Hakuna aliyeiweka. Imejileta.

Halafu, baadaye, ikamfikia mikononi barua nyingine, safari hii ya kawaida kabisa, yenye stempu za dunia hii. Blavatsky alikuwa amemwandikia yule mwanamke mwenye nyumba, akimwomba atafute namna ya kuifikisha ile barua ya kwanza kwa Massey kimaajabu, bila Massey kujua imepitia wapi.

Tulia hapo kidogo. Huyu si mpita njia. Ndiye rais wa kwanza wa tawi. Jina lake la uwakili ndilo lililowapa wengine moyo wa kujiunga. Na ushahidi aliokuwa nao haukuwa wa mtu mwingine, ulikuwa wake, ameletewa yeye. Sasa anaambiwa kwamba zawadi ile iliandaliwa jikoni kama chakula chochote.

Hakuondoka siku hiyohiyo. Aliuliza, akaandika kuomba maelezo, akapewa maelezo. Hayakumtosha. Mwaka 1883 likaongezeka jingine: Mmarekani aitwaye Henry Kiddle alilalamika gazetini kwamba moja ya barua za hao walimu wakuu, iliyochapishwa kitabuni mwaka 1881, ilikuwa na sehemu ya hotuba yake aliyoitoa mwaka 1880, bila jina lake. Kwa lugha ya chuo, mwalimu mkuu wa Himalaya kanakili bila kutaja chanzo. Maelezo yakatolewa tena, marefu, kuhusu ugumu wa kupeleka fikra kwa njia ya roho. Massey aliyasoma. Mwaka 1884 akajitoa, na akajitoa hadharani.

Tarehe zina maana. Kashfa kubwa ya Blavatsky, ile ya mke na mume Coulomb waliokuwa watumishi wake na wakatoa barua zake magazetini, ilipasuka baadaye mwaka uleule. Taarifa ya Richard Hodgson, mchunguzi aliyetumwa India na Jumuiya ya Utafiti wa Mambo ya Nafsi, ilitoka mwaka 1885 ikimwita Blavatsky laghai. (Kwa haki, mwaka 1986 jarida la jumuiya hiyohiyo lilichapisha makala ya Vernon Harrison iliyoikosoa vikali taarifa ya Hodgson, kwa hiyo mjadala wa mama huyu haujaisha.) Massey hakungoja hayo. Alipotoka, mlango ulikuwa bado haujajaa watu wanaotoka.

Kuna rafiki yangu wa Uhandisi aliyesoma rasimu hii akasema, "Kaka, miaka yote hiyo kutambua barua moja? Huyo mzito." Nilimjibu kwa hasira kidogo, kisha nikaona nimwambie sababu ya hasira.

Mwaka wa pili nilikuwa katibu wa kikundi hapa chuoni. Tulikiita biashara ya mtandao, lakini tuseme jina lake halisi: upatu. Unaweka pesa, unaleta watu wawili, wao wanaleta wawili wawili, na juu yenu kuna kiongozi mwenye suti na gari la kukodi anayeongea kuhusu uhuru wa kifedha. Mimi nilipewa ukatibu kwa sababu naandika vizuri, na kwa sababu nilikuwa wa Sheria. Kiongozi alipenda kunisimamisha kwenye mikutano: "Hapa tuna wanasheria, kungekuwa na tatizo wangekaa?" Nilikuwa na vitabu viwili vya mwaka wa kwanza kichwani, lakini nilivaa tai nikasimama. Rumeti wangu aliweka 150,000 kutoka kwenye bumu lake. Aliweka kwa sababu yangu, si kwa sababu ya kiongozi. Alisema hivyo waziwazi.

Usiku mmoja kiongozi alikosea grupu. Ujumbe aliokusudia kumtumia mtu mmoja aliutuma kwetu watu wa uongozi: akimwambia atengeneze meseji za miamala za kuonyesha kwamba fulani na fulani wamelipwa, ili zirushwe kwenye grupu kubwa asubuhi. Aliufuta ndani ya dakika moja. Mimi nilikuwa nimeshausoma, na nilikuwa na skrinishoti.

Unajua nilifanya nini? Nilianza kutetea. Nilikaa kitandani nikajiambia kwamba neno "kutengeneza" lina maana nyingi. Mtu anaweza kutengeneza meseji kwa maana ya kuzipanga, kuzifupisha, kuficha namba za watu. Nikajiambia mashaka yamnufaishe mtuhumiwa. Nilikaa na skrinishoti ile wiki saba. Ndani ya wiki hizo waliingia watu wanne wapya, na mmoja nilimwandikisha mimi kwa mkono wangu. Nilipoacha hatimaye, niliacha kwa kunyamaza. Nilitoka kwenye grupu usiku, nikabadilisha namba ya simu, nikamwambia rumeti kwamba mambo yamekuwa magumu sokoni.

Ndiyo maana sikubali Massey aitwe mzito. Barua yake iliwekwa ndani ya daftari, meseji zangu ziliwekwa kwenye grupu, na kazi ilikuwa ileile, kumfanya mtu mwenye jina zuri aamini ili wengine waamini kwa sababu yake. Yeye aliuliza kwa maandishi, akapima majibu, akatoka mchana huku watu wanatazama, akijua watakaocheka ni wale aliowabishia Bow Street. Lankester na wenzake walikuwa bado wapo mjini, jamani.

Wapo watakaosema hakutoka kweli, kwa sababu aliendelea kuamini mambo ya roho. Ni kweli aliendelea. Alikuwemo kwenye ile Jumuiya ya Utafiti wa Mambo ya Nafsi tangu ilipoanzishwa mwaka 1882, alitafsiri kitabu cha Mjerumani Carl du Prel kuhusu falsafa ya siri za roho, kilichotoka mwaka 1889, na akaelekea zaidi kwenye Ukristo wa ndani, wa kutafakari. Alipofariki mwaka 1905, rafiki yake, mwanafizikia William Barrett, alikusanya maandishi na barua zake zikatoka kitabuni mwaka 1909. Sioni aibu yoyote hapo. Mtu anaweza kugundua kwamba mchungaji wake ni mwizi na bado akasali. Kinachonivutia ni kwamba hakusema "kwa kuwa roho ipo, basi na barua ni ya kweli." Wengi hufunga hayo mawili kamba moja, na ndiyo kamba waongo wanayoishikilia: ukimgusa kiongozi, wanalia umegusa Mungu, au umegusa ndoto za vijana.

Ninachokikuta kigumu kumtetea kimebaki Slade. Mwaka 1887 kamati ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliyomchunguza ilitoa taarifa kwamba maandishi yake ni ulaghai mtupu. Kwa Blavatsky, Massey alitumia kipimo kikali kwa sababu aliyedanganywa ni yeye. Kwa Slade, waliolipa pauni moja moja walikuwa watu wengine. Nadhani, na haya ni maoni yangu tu, kwamba ni rahisi zaidi kumwacha aliyekudanganya kuliko kumwacha uliyemtetea. Aliyekudanganya anakuachia hasira, nayo inakusaidia kutembea. Uliyemtetea anakuachia rundo la hoja zako mwenyewe, zimeandikwa vizuri, zina vichwa vya habari.

Kwa ajabu ya tarehe, Slade naye alikufa mwaka uleule wa 1905, Marekani, hali yake ikiwa duni.

Rumeti wangu niliyemtaja amesoma makala hii kabla ya mhariri, maana nilihitaji ruhusa yake kwa ile aya inayomhusu. Alisoma hadi mwisho akiwa amelala, simu juu ya uso. Kisha akauliza, "Sasa huyo Massey, wale watu walioingia kwa jina lake, aliwaambia nini?" Nikamwambia ile jumuiya haikuwa ya kuchangishana pesa kama yetu. Akasema, "Sijauliza habari ya pesa."

Nimeshamrudishia elfu tisini. Elfu sitini iliyobaki nitamalizia bumu likitoka. Yule niliyemwandikisha kwa mkono wangu yuko Hall ya pili, ghorofa ya tatu, na juzi nimempelekea ile skrinishoti.